Sura ya Sita: Spika Bora Ibadilike Lini?

Kingswood Warren ni jumba la kale katika jimbo la Surrey, kusini mwa London, ambamo idara ya utafiti ya BBC ilikaa kwa miongo mingi kuanzia mwaka 1948. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa idara hiyo walikuwa wakijenga vielelezo vidogo vya studio, kila kipimo kikiwa sehemu moja ya nane ya studio halisi, ili wajue tabia ya sauti ukumbini kabla fedha za ujenzi hazijatoka. Studio ndogo inataka spika ndogo. Wakaiunda. Walipoisikiliza wakagundua kwamba sauti ya mtu akizungumza ilitoka humo safi kuliko walivyotarajia kwa kisanduku cha ukubwa ule. Wakati huohuo BBC ilikuwa na shida katika magari yake ya matangazo ya nje: ndani ya gari hapakuwa na nafasi ya spika kubwa, na fundi mitambo asiyesikia vizuri anachokirusha hewani hawezi kukirekebisha. Kisanduku cha maabara kikapewa kazi hiyo. Kikaitwa LS3/5.

Kilitengenezwa kwa idadi ndogo tu. Kisha KEF, kiwanda cha Maidstone kilichokuwa kikitoa wufa na twita za kisanduku hicho, kikabadilisha utengenezaji wake. Kwa macho tofauti ilikuwa ndogo, lakini vipimo vilionyesha kwamba sauti imehama. Ikabidi BBC irudi mezani na kusanifu upya krosova, yaani saketi inayozipeleka sauti nzito kwenye wufa na nyembamba kwenye twita. Kazi ilipokwisha wakaongeza herufi A mwishoni mwa jina. Hiyo ndiyo LS3/5A ya katikati ya miaka ya 1970, spika yenye kimo cha sentimita 30 hivi ambayo leo watu huitunza kama kito cha ukoo, na ambayo wapenzi wake wengi hawataki iguswe hata kidogo.

Herufi hiyo inanipa pa kuanzia, kwa sababu hoja ya wale wanaosema muundo mashuhuri usiguswe huanguka hapohapo. Muundo wenyewe ulizaliwa kwa kuguswa. Hata hivyo, swali wanaloliuliza ni la haki, tena zito. Mtengenezaji wa spika za daraja la juu amepata jina kwa umbo fulani na sauti fulani. Wateja wametoa akiba ya miaka wakazinunua, wamezipangia sebule, wamezizoea. Abadilishe au aache? Akibadilisha ovyo anawasaliti. Akiacha kabisa, vipuri vitakwisha duniani na elimu itampita.

Msimamo wangu nitausema mapema ili msomaji aupime tunavyokwenda. Spika ibadilike pale mtengenezaji anapokuwa ameiona kasoro anayoweza kuionyesha, kwa vipimo na kwa masikio, na amepata dawa yake. Na kila badiliko liambatane na deni kwa yule aliyenunua jana. Toleo jipya lisilokuwa na mambo hayo mawili ni rangi na jina tu.

Tuifungue spika kwanza. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, walieleza muundo ambao bado umo ndani ya karibu kila spika inayouzwa leo: koili ya waya ndani ya nguvu ya sumaku, koni iliyoshikizwa kwenye koili hiyo, na ukingo laini unaoiachia koni nafasi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Umeme kutoka kwenye amplifaya ukipita ndani ya koili, koili husukumwa, koni husukuma hewa, nasi tunasikia. Redio ya mkulima kijijini na spika yenye bei ya gari zinafuata kanuni hiyo moja.

Karne nzima kanuni moja! Mtu anaweza kudhani hakuna kilichobaki cha kuboresha. Lakini tazama koni peke yake. Inatakiwa iwe nyepesi ili iwahi kuitika, iwe ngumu ili isijikunje inaposukumwa, na iwe kimya, yaani isiongeze mlio wake juu ya ule ulioagizwa. Hakuna kitu kinachotimiza yote hayo kikamilifu. Karatasi ni nyepesi, na koni za karatasi zimetoa muziki mzuri tangu mwanzo, lakini hunywa unyevu, na karatasi ya mwezi huu haifanani kabisa na ya mwezi uliopita. Kwa BBC hilo lilikuwa tatizo la kazi. Mhandisi aliyeko Manchester alihitaji kusikia kile anachosikia mwenzake wa London. Msomaji aliyekua na Idhaa ya Kiswahili ya shirika hilo, iliyoanza mwaka 1957, anajua jinsi sauti ya msomaji wa habari ilivyokuwa mali yake kubwa kuliko zote. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 idara ya Kingswood Warren ikahamia kwenye Bextrene, aina ya plastiki ambayo koni zake zilifanana zaidi. Nayo ilikuwa na ila yake: ni nzito, na huvuma kidogo mpaka ipakwe dawa ya kuituliza.

Mmoja wa walioijua ila hiyo vizuri alikuwa Dudley Harwood, mtafiti wa idara hiyo kwa miaka mingi. Aliona kwamba plastiki nyingine, polipropilini, ni nyepesi zaidi na hutulia yenyewe bila kupakwa kitu. Mwaka 1977 akaanzisha kampuni yake, Harbeth, jina lililounganisha lake na la mkewe Elizabeth, akatoa spika yenye koni ya polipropilini. Kama angekuwa mtu wa kuabudu alichokizoea, angebaki na Bextrene, kwa kuwa ndiyo iliyompa heshima. Aliiacha kwa sababu alikuwa ameishi na kasoro yake maabara mwaka hadi mwaka. Huyo kwangu ni mfano wa mtengenezaji anayebadilika inavyopasa.

Kasha nalo lina historia yake, na mimi naipenda sehemu hii kuliko zote kwa sababu inaonyesha watu makini wakienda njia zinazopingana. Koni inapokwenda mbele, nguvu ileile husukuma mbao za kasha. Mbao zikitikisika huimba, na ubao wa kasha una eneo kubwa kuliko koni, kwa hiyo wimbo wake husikika. Watu wa BBC waliamua kutumia plaiwudi nyembamba, wakaibandika ndani vipande vya lami. Mtikisiko haukufutwa, ulishushwa hadi sauti za chini, na lami ikaumaliza upesi, ukatoka katika eneo la sauti ya binadamu ambako sikio ni kali zaidi. Hata vijiti vya mbao vya pembeni vya LS3/5A viliagizwa kwa aina, mti wa beech, na ulipotumika mti mwingine badala yake tofauti ilisikika. Bowers & Wilkins wa Worthing, pwani ya kusini ya Uingereza, walishika njia nyingine. Spika yao kubwa ya 801 ilitoka mwaka 1979. Mwaka 1987 wakatoa Matrix 801, ambayo ndani ya kasha lake mbao zimepishana kama masega ya nyuki ili kuta zisitikisike kabisa.

Nani alikuwa sahihi? Wote wawili walitibu ugonjwa uleule uliopimwa, na kila mmoja alijua anachotafuta. Mteja wa 801 ya kwanza hakuwa na sababu ya kununa alipoiona Matrix. Aliona ugonjwa ambao spika yake ilikuwa nao na dawa iliyopatikana baadaye. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda. Hata ukubwa wa kasha kuhusiana na besi ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya kubahatisha, mpaka Neville Thiele wa Australia alipotoa hesabu zake mwaka 1961 na Richard Small akazipanua mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtengenezaji ambaye angezikataa hesabu hizo ili kulinda kasha lake la zamani angekuwa anaulinda ujinga.

Turudi kwa LS3/5A, maana kisa chake kina sehemu ya pili ambayo wapenzi wake huipitia haraka. BBC ilitoa leseni kwa viwanda mbalimbali, miongoni mwao Rogers, Spendor, Chartwell, Audiomaster na baadaye Harbeth na KEF yenyewe. Masharti yalikuwa makali: kila spika ifanane na ile ya mfano iliyohifadhiwa. Krosova ilikuwa na koili yenye viunganishi kadhaa ili fundi wa kiwandani aweze kupandisha au kushusha twita mpaka ilingane na mwenzake. Lakini wufa ya KEF, iliyoitwa B110, na twita yake T27 ziliendelea kuhama polepole kadiri miaka ilivyosonga. Malighafi hubadilika, mashine huchakaa, mfanyakazi mzoefu hustaafu. Kufikia mwaka 1987 ikawa lazima krosova isanifiwe tena, na ukinzani wa spika ukashuka kutoka omu 15 hadi omu 11. Hadi leo wako wanaoapa kwamba ile ya omu 15 ndiyo ya kweli na hii nyingine ni ya kambo. Ninawaelewa. Hata hivyo, mtu anayesikiliza omu 15 ya mwaka 1984 hasikii spika ya mwaka 1975. Anasikia spika iliyokwisha kuhama kimyakimya bila mtu kuitangazia herufi mpya.

Kusimama palepale hakuwezekani, na wauzaji wa mapokeo hawapendi kulisema hilo. Spika imeundwa kwa gundi, mpira, plastiki, waya na sumaku, na kila kimoja kinatoka kwenye kiwanda ambacho kesho kinaweza kufungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 KEF iliacha kutengeneza B110 na T27. Utaratibu mzima wa leseni ukakosa moyo. Miaka ya 2010 kampuni ya Falcon Acoustics, iliyoanzishwa na Malcolm Jones, mhandisi yuleyule aliyebuni B110 na T27 alipokuwa KEF, ilizitengeneza upya, pamoja na koni za Bextrene. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Fikiria ilivyodai: aliyezibuni mwenyewe, kumbukumbu za zamani, vipimo vya kisasa, plastiki ambayo dunia imekwisha kuiacha. Kuhifadhi muundo wa zamani kwa uaminifu kunataka uhandisi uleule unaotakiwa kuunda mpya.

Wakati huo Harbeth ilikuwa imeshika njia yake. Mwaka 1986 Harwood alikabidhi kampuni kwa Alan Shaw, mhandisi aliyependa sana sauti hiyo ya BBC. Shaw aliikuta polipropilini, na kama Harwood alivyofanya kwa Bextrene, hakuichukulia kuwa neno la mwisho. Katika miaka ya 1990 kampuni ikaleta koni iliyoiita RADIAL, plastiki ya mchanganyiko maalumu inayotolewa kwa kalibu badala ya kuvutwa kutoka kwenye karatasi ya plastiki iliyopashwa moto. Spika yake ndogo, P3, ina ukubwa wa karibu sawa na LS3/5A na ilikusudiwa mtu anayetaka kisanduku kama kile bila kufungwa na vipuri vilivyokuwa vikielekea kaburini. Mwishoni mwa miaka ya 2000 nayo ikapata koni ya RADIAL ikawa P3ESR.

Ukiziweka pamoja spika za Harbeth za vipindi mbalimbali, mtu asiyezijua hataona tofauti. Kasha la mbao lilelile, pembe zilezile, wavu uleule mweusi. Wako wanaoona hiyo ni dalili ya uzembe, kwamba kampuni haina la kusema. Naona kinyume chake. Kampuni iliyobadilisha koni, ambayo ndiyo inayogusa hewa, ikaacha sura kama ilivyo, imemwambia mteja jambo la maana: fedha zimekwenda pale sauti inapotoka. Ilipotimiza miaka 40 mwaka 2017 ilitoa matoleo ya maadhimisho yenye mbao teule na vipuri vya daraja la juu. Sherehe haina ubaya, mradi mnunuzi ajue amelipia sherehe kiasi gani na sauti kiasi gani.

Subira ya namna hiyo nimeiona kwa mwingine mmoja tu kwa ukamilifu, Peter Walker wa Quad. Alianzisha kampuni yake London mwaka 1936, wakati wa vita ikahamia Huntingdon, na mwaka 1957 akauza spika ambayo haikufanana na chochote kilichokuwa madukani. Haikuwa na koni wala kasha. Ilikuwa na utando mwembamba sana wa plastiki uliowambwa kati ya bamba mbili zenye matundu, ukichajiwa kwa umeme tuli wa volti elfu kadhaa, na muziki ukauvuta utando huo huku na huku. Kwa kuwa utando ni mwepesi karibu kama hewa unayoisukuma, uwazi wa sauti ya mwimbaji katika spika hiyo bado huwashangaza watu waliozaliwa miongo mingi baadaye.

Walker hakulewa sifa. Alijua spika yake haifiki kwenye besi ya chini, haivumilii sauti kubwa, na sauti zake nyembamba humwendea mtu mmoja aliyekaa katikati, aliye kando akazikosa. Mwaka 1963 akaanza kuunda mrithi. Mrithi huyo aliingia sokoni mwaka 1981 akiitwa ESL-63, kwa heshima ya mwaka alioanza kutungwa mimba. Miaka 18! Ndani yake bamba ziligawiwa kwa duara zilizozungukana, umeme ukifika duara la katikati kwanza kisha la pili na kuendelea, kila moja likichelewa kidogo, mpaka sauti ikatoka kana kwamba chanzo chake ni nukta moja iliyo sentimita 30 hivi nyuma ya utando. Aliyeketi kando naye akapata haki yake. Kasoro iliyotajwa mwanzo ndiyo iliyotibiwa. Na katika miaka hiyo yote Walker hakuipaka ile ya kwanza rangi mpya na kuipa namba mpya kila msimu. Aliiuza kama ilivyo, akaendelea kuitengeneza hadi mwaka 1985, miaka minne baada ya mrithi kutoka, na kiwanda cha Huntingdon kikawa mashuhuri kwa kukarabati bidhaa zake za zamani muda mrefu baada ya kuuzwa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa ndiyo mtihani wa kweli wa mtengenezaji mashuhuri, kuliko ushindani. Bowers & Wilkins walifaulu mtihani huo kwa namna iliyohitaji ujasiri. Tangu katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wakitumia Kevlar iliyofumwa kwa koni za sauti za kati, na rangi yake ya manjano ilikuwa nembo yao kuliko hata jina. Mtu aliitambua spika hiyo akiwa mlangoni. Kevlar ina sifa nzuri kwamba inaposhindwa kubaki ngumu hupinda kwa namna inayoyavuruga mawimbi yake yenyewe, yasirudi na kujikusanya. Lakini mpito kutoka ugumu hadi kupinda ulikuwa wa ghafla. Mwaka 2015 waliiondoa, wakaweka koni ya rangi ya fedha waliyoiita Continuum, ambayo hupinda kwa utulivu zaidi, wakisema kazi hiyo iliwachukua miaka minane. Walitupa nembo yao ili kutibu kasoro. Nawavulia kofia.

Wakati huohuo siwezi kufumbia macho kalenda ya mfululizo wao wa 800. Twita ya almasi ilikuja mwaka 2005, toleo la pili mwaka 2010, la tatu 2015, la nne 2021. Je, kasoro za sauti hujitokeza kila baada ya miaka mitano au sita? Toleo la 2015 lilikuwa na sababu iliyo wazi. Kwa mengine mnunuzi anayo haki ya kuuliza, na kuuliza kwake kusichukuliwe kuwa ni kukosa shukrani. Kalenda ni adui mkubwa wa mtengenezaji makini, maana maduka yanataka habari mpya na majarida yanataka jalada. Mhandisi anayejua kwamba jambo lake halijaiva hushinikizwa kulitoa bichi.

Kuna kinga dhidi ya hayo, nayo ni kusikiliza bila kuona. Floyd Toole, aliyefanya utafiti katika taasisi ya sayansi ya taifa ya Canada mjini Ottawa tangu 1965 kisha akahamia Harman, kampuni ya vifaa vya sauti ya Marekani, mwaka 1991, alitumia maisha yake ya kazi kuonyesha jambo hili. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive waliwapa wasikilizaji, wafanyakazi wa Harman wenyewe, spika nne wazipe alama mara mbili: mara moja pazia likiwa limefungwa na mara nyingine spika zikionekana. Zilipoonekana, kubwa na za bei zilipanda alama, na mfumo mdogo wa bei nafuu, uliofanya vizuri nyuma ya pazia, ukashuka. Masikio yalikuwa yaleyale, chumba kilekile. Macho ndiyo yaliyoamua. Baadaye kampuni hiyo ilijenga mtambo wa kuzisogeza spika nyuma ya pazia ili kila moja ipige kutoka mahali palepale.

Utafiti huo unawagusa wapenzi wa zamani na wapenzi wa mapya kwa kiwango kimoja. Anayesema toleo jipya limeua roho ya spika, na anayesema limeifufua, wote huenda wamesikia umri wa spika na bei yake. Kwa mtengenezaji, pazia ni wajibu: kabla ya kuniambia nitoe fedha zangu tena, weka ya zamani na mpya nyuma ya pazia, wape watu wasio na maslahi wasikilize. Kama hawawezi kuzitofautisha, au wakiichagua ya zamani, rudi maabara.

Nimesema badiliko lina deni. Deni hilo huku kwetu linaonekana wazi kuliko Ulaya. Kuanzia miaka ya 1970 viwanda vingi duniani viliweka ukingo wa sponji kuzunguka koni, kwa sababu sponji ni laini na nyepesi. Sponji hiyo huozeshwa na unyevu na joto, na pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ina vyote viwili mwaka mzima. Spika ambayo katika nchi kavu na ya baridi ingedumu sana, hapa huanza kumomonyoka upesi. Ukigusa ukingo kwa kidole unabaki na unga mweusi. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue Nairobi hubandika ukingo mpya na kuziokoa, lakini wanatumia kinachopatikana, na ukingo mgumu kuliko ule wa asili hubadilisha besi. Mwenye kiwanda anayeacha kutoa ukingo, koni na twita za modeli yake ya jana anamwachia mteja kifaa ambacho kila ukarabati unakisogeza mbali na sauti aliyoilipia. B110, kwa bahati njema, ilikuwa na ukingo wa mpira, na hiyo ni sababu mojawapo LS3/5A za miaka ya 1970 bado zinaimba.

Lipo jibu zuri la deni hili, na limetolewa katika mashine nyingine ya muziki. Linn ya Glasgow ilianza kuuza meza yake ya kuchezea santuri, LP12, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Imeiboresha mara nyingi tangu hapo, na sehemu mpya huingia ndani ya meza za zamani, kwa hiyo aliyenunua miongo iliyopita huipeleka ya kwake kwa wakala ikapandishwa hadhi. Spika ni ngumu zaidi kufanyiwa hivyo, maana koni, kasha na krosova vimesanifiwa kwa pamoja, na kubadilisha kimoja huvuruga vingine. Hata hivyo krosova mpya inaweza kutengenezwa kuingia kwenye kasha la zamani, na twita iliyoboreshwa inaweza kupewa vipimo vya tundu lilelile. Ni uamuzi unaofanywa siku ya kwanza mezani pa mchoraji, na wengi hawaufanyi kwa kuwa mteja anayekarabati hanunui.

Klipsch wa Hope, jimbo la Arkansas, naye ana funzo. Paul Klipsch alianza kuuza Klipschorn mwaka 1946 na haijakoma kutengenezwa hadi leo. Ni kasha kubwa linalosimama pembeni mwa chumba, na kuta mbili za pembe zikawa sehemu ya tarumbeta inayokuza besi. Muundo huo uliitaka nyumba ikubaliane na spika. Mwenye sebule isiyo na pembe nzuri hakuwa na lake. Vya ndani vilibadilishwa mara kadhaa, lakini shida hiyo ilibaki kwa zaidi ya miaka 70. Toleo la mwaka 2019 lilifunga mgongo wa tarumbeta, na spika haikutegemea tena ukuta ulivyo. Wazo la mwaka 1946 lilibaki zima, na kasoro ambayo kila mnunuzi aliijua ikaondoka. Ninachosikitika ni kwamba ilichukua muda mrefu hivyo.

Kwa hiyo mtengenezaji wa spika za daraja la juu ayapokee mabadiliko, na asione haya. Asiyaogope kwa sababu wateja wake wa zamani wanapiga kelele, wala asiyakimbilie kwa sababu muuza duka anataka bidhaa mpya kabla ya Krismasi.

Nawe msomaji, ukisimama mbele ya spika iliyoandikwa toleo jipya, muulize muuzaji ni kasoro gani ya toleo lililopita iliyoondolewa, na akuonyeshe vipimo vya zote mbili. Muulize kama twita ya modeli ya miaka kumi iliyopita bado inapatikana kiwandani na inachukua muda gani kufika Mombasa au Dar es Salaam. Akijibu bila kuzungukazunguka, keti, funga macho, usikilize sauti ya mtu unayemjua akizungumza, kabla ya muziki wowote. Asipojibu, usiache mbachao kwa msala upitao: rudi nyumbani, mpe fundi spika zako za zamani azikague ukingo, na fedha zako nunua muziki.